Kwa Niaba ya Nani?

Juzi simu yangu ilinikataa. Niliweka kidole, ikatetemeka mkononi, ikakataa. Nikaweka tena, ikakataa. Mjukuu wangu akacheka, akasema, "Bibi, vidole vyako vimefutika, weka namba tu." Namba yenyewe nilikuwa nimeisahau. Nikabaki nimekaa na simu yangu mwenyewe, niliyoinunua mwenyewe, nikibembeleza iniamini kwamba mimi ndiye mimi. Haya! Mimi niliyewazuia watu kuingia miaka yote ya kazi yangu, leo nazuiwa na simu. Mjukuu alicheka peke yake.

Ninyi vijana mnaosomea kompyuta, mnaokuja hapa kuniamkia shikamoo halafu mnazunguka zunguka mpaka mniulize nilikuwa nafanya kazi gani, leo nawaambia. Nilikuwa nachora milango. Ile skrini ya kwanza kabisa, inayokuuliza jina lako na neno lako la siri kabla hujafika popote, ndiyo ilikuwa kazi yangu, katika kiwanda cha minofu ya sangara pale ufukweni Mwanza, miaka ya tisini. Ninyi siku hizi mnasema nywila. Sisi tulisema paswedi, na tulifunga stoo vilevile.

Sikuisomea. Nilikuwa mpiga chapa katika shirika la umma, na kilikuwa kipindi kile mashirika yanakufa moja baada ya jingine, mnakwenda kazini asubuhi mnakuta kufuli. Nimeona watu wazima wenye vyeo vyao wakirudi nyumbani na tai shingoni, kesho yake wanatembeza vitumbua. Huku ufukweni nako viwanda vya samaki vikawa vinaota, kila ukigeuka mwekezaji mwingine kaja. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilijua kuchapa bila kutazama vidole. Nikakuta kompyuta zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni, na mtu pekee aliyethubutu kuvifunua alikuwa Bwana Magesa.

Bwana Magesa alikuwa Mjita, mfupi, mwenye maneno machache. Zamani alishika redio kwenye meli za ziwani, kompyuta akajifundisha kwa vitabu vya kuazima. Skrini yangu ya kwanza niliipamba fremu pande zote, maandishi yanawaka na kuzima, nikajiona mjanja kweli. Akaitazama weee.

"Minza, hii umemchorea nani?"

"Watumiaji, Bwana Magesa."

"Mtumiaji gani? Umewahi kuona mikono yake?"

Sikuwa nimeiona. Akanituma nikakae kwenye mlango wa chumba cha baridi kutwa nzima, nitazame. Nilikasirika, nikaenda.

Na nikaona. Mtu anatoka kwenye barafu, glovu zimelowa, anazivua kwa meno, vidole havisikii kitu. Anabonyeza herufi moja, zinatoka tatu. Jina linakataliwa, anarudia, linakataliwa, mara mashine inajifunga na lori nje linapiga honi. Inabidi apande ofisini nije nimfungulie, na njiani anatukanwa na kila mwenye haraka. Nilikuwa nimechora mlango wa watu wenye vidole vya joto kama mimi.

Basi tukaihamishia mashine karibu na jiko la mkaa la mama wa chai. Skrini nikaivunja vipande, swali moja kwa wakati mmoja, maana mtu akikutana na maswali yote kwa mpigo anachanganyikiwa, anajaza la tatu kwenye la kwanza. Na badala ya kuandika "Umekosea", nikaandika, "Pasha vidole moto, jaribu tena." Wakacheka, wakaipenda. Sauti nayo niliitoa. Mwanzoni mashine ilikuwa inalia tiiit mtu akikosea, na siku moja ikamlilia mzee wa mizani, mtu wa heshima zake, mbele ya vijana wa kupakia. Vijana wakaangua kicheko. Mzee wa watu akawa haisogelei tena kompyuta mpaka nilipomwapia kwamba imenyamazishwa.

Tulikuwa na makarani wawili wa stoo, Ester na Sabato. Ester kwao ni ng'ambo, upande wa Sengerema, kijiji kimoja na mimi. Kila akivuka kwenda kwao lazima apitie kwa mama yangu, hata mimi binti yake nilikuwa nikisikia habari za mama kutoka kwa Ester. Sabato alikuwa kijana mpole, mwepesi wa kusaidia, ila kompyuta ilimsumbua. Siku za mwanzo alichungulia Ester akiingia, akaona kwenye skrini zinatokea nyota tupu mahali pa neno la siri. Zamu yake ilipofika akaandika nyota. Alipokataliwa akapanda ofisini amefura.

"Dada Minza, mbona Ester akiandika nyota anaingia, mimi nikiandika nyota nakataliwa? Kuna upendeleo humu!"

Bwana Magesa alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Sikuwahi kumwona akicheka vile tena.

Na hizo paswedi zenyewe! Karibu kila mama aliweka jina la mtoto wake wa kwanza, na kila baba hivyohivyo. Sasa huku kwetu mtu mzima anaitwaje? Mama Kabula. Baba Masanja. Ukimwamkia mtu asubuhi umeshatangaza paswedi yake stoo nzima. Tuliwabembeleza wabadilishe, wakabadilisha kwa manung'uniko, wakaweka majina ya watoto wa pili.

Lakini jambo ambalo Bwana Magesa alilihangaikia zaidi lilikuwa lingine. Aliniuliza, "Mtu akifiwa hapa, nani anashika kazi yake?" Nikamwambia anajua mwenyewe, mwenzake anashika. Ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Mtu akipata msiba, wengine wanakwenda kulala naye matangani, na mmoja lazima abaki kumshikia zamu. Hakuna kuombana wala kuandikiana. Mwenzako anakwambia, "Nenda ukazike, hapa nipo," basi, wewe unakwenda, na huko msibani huna wasiwasi wa kazi. Ilikuwa ni sehemu ya rambirambi, na mwenye kushika zamu alihesabiwa kuwa amezika kama wengine.

"Basi mlango wetu lazima ulijue hilo," akasema Bwana Magesa.

Tukachora mstari wa tatu. Unaandika jina lako, unaandika neno lako, halafu skrini inakuuliza, "Unaingia kwa niaba ya nani?" Kama ni zamu yako, unapita tu. Kama umemshikia mwenzako, unaandika jina lake, mashine inawakumbuka wote wawili, aliyekuwepo na aliyewakilishwa. Naapa sijawahi kuchora kitu kizuri kuliko mstari ule.

Meneja aliutazama kwa kitambo kifupi sana. "Hapa kila mtu atafanya kazi yake mwenyewe. Huu mstari ni wa wavivu. Futa." Bwana Magesa akamweleza, nami nikamweleza. Akasema kiwanda si ukumbi wa matanga. Tukafuta. Haukupita muda mrefu Bwana Magesa akaanza kukohoa na kukonda, akaenda kwao Majita kupumzika, hakurudi. Siku zile wengi waliondoka namna hiyo. Tulipopata habari alikuwa ameshazikwa, nami nikakaa kwenye kiti chake nikalia kweupe, mbele za watu.

Basi mkishafuta mstari kwenye skrini, mnafikiri watu wanaacha kufiwa? Waliendelea kushikiana zamu kama kawaida, ila sasa walipeana paswedi, kama unavyomwachia jirani ufunguo wa nyumba ukisafiri. Na mashine ikawa inamwandika aliye msibani kwamba yuko kazini.

Baba yake Ester akafariki. Habari zilimkuta stoo, akakaa chini palepale juu ya katoni. Sabato ndiye aliyemwinua. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Nenda ukamzike mzee, hapa nipo." Ester akamnong'oneza paswedi yake, akafunga kanga kiunoni, akaenda kuwahi pantoni ya kuvukia pale Kigongo.

Aliporudi, akiwa bado amenyoa nywele za msiba, meneja alimwita. Mimi nilikuwepo kwa sababu ndiye niliyeambiwa nitoe karatasi kwenye mashine. Siku ambazo Ester alikuwa ng'ambo, minofu ilikuwa imetoka stoo zaidi ya iliyoagizwa, lori lililoichukua halikujulikana lilikokwenda, na mzigo wote ulitolewa kwa jina la Ester.

"Hili jina lako?"

"Ni langu, meneja. Lakini siku hizo nilikuwa namzika baba. Kijiji kizima kiliniona."

"Kama ulikuwa hapa, wewe ni mwizi. Kama hukuwa hapa, umegawa neno la siri, na mgawaji tunamfukuza. Chagua moja."

Ester akanitazama. Nikajitosa. "Meneja, mashine haijui sura ya mtu, inajua neno tu. Ule mstari tulioufuta ndio ungetuambia nani alikuwa hapa."

"Si wewe uliyeichora hii skrini?" akaniuliza. "Sasa skrini yako imesema Ester. Unaikana?"

Akamgeukia Ester, akamwambia amtaje aliyeachiwa paswedi yake, labda atafikiriwa. Ester akainamisha kichwa. Aliulizwa tena, akanyamaza vilevile. Wakamwambia akakusanye vitu vyake.

Nilimkimbilia nje. "Ester, una wazimu? Mtaje Sabato! Ameiba huyo!"

"Labda ameiba. Labda na yeye wamemzidi ujanja wapakiaji, unamjua alivyo na kompyuta. Mimi sijui, na wewe hujui."

"Basi nitamtaja mimi."

Akanishika mkono, akanibana hasa. "Alinishikia kazi nikamzike baba yangu, Minza. Baba yangu! Nimlipe kwa kumtaja? Ukimtaja, mimi na wewe basi."

Sikumtaja. Sabato siku hiyo alikuwa stoo amegeukia ukuta, anapanga katoni zilizokuwa zimeshapangwa. Hakuja kumuaga Ester. Nilimchukia mtu yule, nawaambia kweli, nilimchukia nikila na nikilala. Ester akavuka kwenda kwao kulima mihogo na viazi, na kazi ya ofisi hakuipata tena, maana kila alikoomba viwandani waliulizana habari zake.

Baada ya hapo meneja alitaka mlango mgumu kuliko yote ya pale ufukweni. Mzigo wa ndege, ile minofu inayosafirishwa nje, usitoke mpaka watu wawili waingie, kila mmoja kwa neno lake, na kila mwenye kuingia, hata kwa kazi nyingine, mwisho ajibu swali. Swali alilitoa kwenye kitabu cha nje: "Jina la mama yako mzazi?" Nilimwambia huku kwetu mtu hamtaji mama yake kwa jina, ni kumvunjia heshima. Akasema vizuri sana, maana yake hakuna anayelijua. Na kweli, hapo hakukosea. Mzee wa mizani alikaa mbele ya swali lile mikono mapajani. Akaniuliza, "Binti, mama yangu ni marehemu. Kwa nini anaitwa stoo?" Nikamwomba radhi, akaandika akiwa ametazama pembeni.

Skrini ile ilisifiwa. Wageni waliletwa kuiona. Na tangu siku ile hakuna aliyemwambia mwenzake tena, "Nenda, hapa nipo." Mtu akifiwa, tulichanga rambirambi upesi, tukampa mkononi, tukarudi kila mmoja kwenye kazi yake bila kutazamana machoni. Hakukuwa na wizi, sitadanganya. Kulikuwa na ukimya tu, na nyinyi mkienda kufanya kazi mahali penye ukimya wa namna ile, mtautambua kabla hata hamjavua koti.

Katika wale watu wawili wa mzigo wa ndege, mmoja alikuwa Sabato, na wa pili, kwa kuwa Bwana Magesa hayupo, nikawekwa mimi.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja akaja kijana wa kijijini kwetu, amevuka na pantoni ya kwanza, viatu vimejaa vumbi. Nilipomwona getini nikajua. Mama alikuwa amefariki alfajiri. Jua lilikuwa kali msimu ule, pa kumhifadhi hapakuwepo, wazee wamesema azikwe jioni ileile, ila watanisubiri mimi mtoto wake wa kwanza. Niwahi.

Na siku hiyo ilikuwa ya mzigo wa ndege. Minofu ilikuwa bado inapangwa, isingekuwa tayari mpaka mchana. Meneja alikuwa Dar es Salaam. Nikampigia simu, nikamweleza. Akasema, "Pole sana, Minza. Toa mzigo kwanza, halafu uende."

Nikashuka stoo kwa Sabato. Yule yule. Niliimeza chuki yangu yote, nikasimama mbele yake.

"Sabato, mama amefariki. Nishikie. Nakupa neno langu, nakupa na jina la mama, nakuomba."

Alitikisa kichwa kabla sijamaliza. "Dada, siwezi. Unajua yaliyompata Ester."

"Wewe ndiye unayeniambia yaliyompata Ester?"

"Ndiyo maana siwezi," akasema, akaanza kulia, mwanaume mzima, kwenye glovu zake. Nikawauliza na wengine. Kila mmoja alinipa pole, hakuna aliyenipa neno jingine. Na mimi nilikuwa na wadogo zangu wanasoma kwa mshahara ule, nikakaa.

Nilikaa kwenye kile kiti karibu na jiko la mkaa tangu asubuhi mpaka mchana. Mama wa chai aliniwekea kikombe, kikapoa, akaweka kingine. Mzigo ulipokuwa tayari Sabato akaingia kwanza. Kisha nikaingia mimi, jina, neno la siri, na skrini yangu ikaniuliza swali la mwisho. Jina la mama yako mzazi? Kijijini kote aliitwa Mama Minza. Mimi mwenyewe tangu nizaliwe sikuwahi kulitamka lile jina jingine mbele yake. Nikaandika Mbuke. Zikatokea nyota tano. Skrini ikasema, "Asante, endelea," na hayo maneno ya adabu niliyatunga mimi, kwa mikono hii.

Kigongo nilikuta foleni ya malori na pantoni imeng'oa nanga muda si mrefu, naiona inakwenda. Nikasubiri irudi. Niliomba, nililaani, niliomba tena. Nilipofika nyumbani jua lilikuwa linazama na wanaume walikuwa wanaosha majembe.

Vijana wangu, mkichora mlango wowote, wa benki, wa hospitali, wa simu hizi zenu, wekeni mahali ambapo mtu anaweza kusema amekuja kwa ajili ya mwenzake. Wakubwa watawaambia mfute. Bishaneni nao kuliko nilivyobishana mimi.

Ester alitoka jikoni kwa wapishi, majivu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa hapo tangu alfajiri, ndiye aliyemwogesha mama. Alinikumbatia, akaniacha nilie mpaka nikaishiwa, hakuniuliza nilichelewa wapi. Alikuwa anajua.

"Tumekusubiri mpaka wazee wakasema basi," akaniambia. "Mchungaji akamwita mtoto wa kwanza aje atupie udongo. Watu wakawa wanatazamana. Nikasogea mimi. Nikatupa wako kwanza, ndipo nikatupa wangu. Nikamwambia, mama, huu ni wa Minza. Yuko kazini, nimemshikia."